Sulhu ya Mawakili na Radhi ya Mja

Kuna kipande katika filamu ya The Social Network ambacho nimekitazama mara nne, na kila kinapokaribia moyo hunienda mbio. Eduardo Saverin, kijana wa Kibrazili aliyetoa fedha za kwanza za Facebook, amesafiri hadi California. Alikuwa amegombana na rafiki yake Mark Zuckerberg, wakapatana, na sasa ameketi na mawakili wa kampuni wanaomsogezea karatasi moja baada ya nyingine. Anatia sahihi. Hasomi. Na asome kwa nini? Kampuni ni yake na rafiki yake, na mawakili wale anawadhani ni wake pia.

Baadaye anaitwa tena. Anadhani anakuja kusherehekea mwanachama wa milioni moja. Anapewa karatasi nyingine, na hii anaisoma. Hisa zake zilizokuwa asilimia 34.4 zimeshuka hadi asilimia 0.03. Anatoka mbio hadi kwenye meza ya rafiki yake, anainyakua laptopu aliyokuwa akiifanyia kazi na kuibamiza.

Watu wengi huikumbuka laptopu ile. Mimi huikumbuka kalamu. Mwaka 2009, katika ofisi ya wakili mmoja hapa Mombasa, nilimpa rafiki yangu kalamu kama ile, na yeye pia hakusoma.

Tukiitana somo, kwa kuwa tulipewa jina moja. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani pale Kibokoni, kwa maalim mmoja, na tukala sahani moja kwa mama yake, Bi Mkubwa, siku ambazo nyumbani kwetu hakukupikwa. Mwaka 2004 tulifungua saiba Mwembe Tayari. Ni mwaka uleule Zuckerberg na wenzake walipoiwasha tovuti yao kule Harvard, tarehe 4 Februari, lakini sisi habari hizo hatukuwa nazo. Tulikuwa na kompyuta nne kuukuu, feni moja, na intaneti ya setilaiti iliyokuwa ikikatika kila mawingu yakitanda. Mimi nilikuwa na ujuzi wa mashine. Mtaji aliutoa Somo, au niseme kweli, aliutoa Bi Mkubwa. Aliketi kwenye kigoda uani, akajipaka povu la sabuni mkononi, akazivuta bangili zake za dhahabu moja moja. Zilikuwa sita, za harusi yake, na mkono ulikuwa umenenepa tangu siku hiyo. Ya mwisho ilimchubua ngozi. Akazifuta kwa kanga, akatupa, akasema, "Haya wanangu, nendeni mkatafute riziki." Alisema wanangu. Alituhesabu wawili.

Miaka mitano tulikwenda vizuri. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, SEACOM na TEAMS, na kila aliyekuwa na fedha akataka kuingia kwenye biashara ya intaneti. Kwetu alikuja mfanyabiashara mmoja. Aliipima biashara yetu, vifaa, wateja na mikataba miwili ya maofisi tuliyokuwa tukiyaunganisha, akasema kwa jumla ina thamani ya shilingi milioni 1.8. Alitaka kuingiza fedha na kusajili kampuni, ila alitaka ashughulike na mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mimi. Nikaenda kwa wakili, ikaandikwa hati kwamba Somo anaachia sehemu yake yote kwa shilingi laki moja na nusu. Ile milioni 1.8 sikuitaja. Wakili, ambaye alifanya kazi yake kama inavyotakiwa, alimuuliza Somo kama ameielewa hati. Somo alinitazama, akacheka, akamjibu, "Huyu ameielewa, yatosha." Akatia sahihi.

Sikumwibia kwa mujibu wa sheria. Karatasi ninayo hadi leo, ina mhuri na ina shahidi.

Filamu hii ilitoka mwaka 2010. David Fincher ameiongoza na Aaron Sorkin ameiandika, kutokana na kitabu cha Ben Mezrich, na ilipata tuzo tatu za Oscar. Sikuiona wakati ule. Nimeionea kwa binti yangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta na, pamoja na wenzake wawili, anatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia akina mama wanaouza samaki kupata bei za soko. Aliniwekea ili nijue, kama alivyosema, dunia anayoingia ikoje. Iliponifikisha kwenye kile kipande cha kalamu nilimwambia aisimamishe kidogo, nikatoka barazani.

Nataka kuuliza jambo moja, na nauliza kama mtu anayeulizia nafsi yake. Mtu akishalipwa, akatia sahihi, na faili likafungwa, je, bado anadai?

Sorkin ameijenga filamu yake juu ya swali hili, hata kama sijui kama mwenyewe angelitamka hivyo. Karibu hadithi nzima inasimuliwa kutoka kwenye meza mbili za mawakili. Kwenye meza moja yuko Saverin, anamshitaki rafiki yake. Kwenye ya pili wako pacha wawili wa Winklevoss, Cameron na Tyler, na mwenzao Divya Narendra, ambao walimpa Zuckerberg kazi ya kuwajengea tovuti ya wanafunzi, kwa maneno ya mdomo, na huku wakimngoja akaibuka na yake. Watu waliokula pamoja na kukesha pamoja wameketi hatua mbili mbali, na kila neno linapitia kwa mtu anayelipwa kwa saa. Mwanasheria anauliza, mwingine anapinga, karani anaandika. Wenyewe hawazungumzi.

Kuna dakika moja ambapo mlango unafunguka kidogo. Mawakili wa Zuckerberg wanaleta mezani kisa cha zamani cha Saverin na kuku, kilichowahi kuandikwa kwenye gazeti la wanafunzi na kumfanya aonekane mtesa wanyama. Saverin anaumia. Anamgeukia rafiki yake na kumuuliza kama ni yeye aliyewaambia. Wakili ndiye anayejibu: hapana, tulikipata wenyewe gazetini, na tulipomuuliza yeye alikutetea. Alikutetea! Neno tamu kuliko yote yaliyosemwa katika chumba kile, na linatoka kinywani mwa wakili, kana kwamba ni kosa la kiufundi. Mwenye kutetea halifuatishi kwa neno la kupatana. Kama angeinua uso wakati ule akasema, ndiyo, nilikutetea, na lile jingine nililokufanyia silo, mawakili wote wangekusanya karatasi zao wakaenda zao. Hasemi. Na mimi najua asemavyo moyoni mtu asiyesema. Anahesabu makosa ya mwenzake.

Kwani Saverin katika filamu hana makosa? Anayo. Wenzake wakikesha Palo Alto, yeye yuko New York anatafuta matangazo ya biashara, na anapokasirika anaifunga akaunti ya benki, jambo ambalo lingeiua kampuni changa kwa siku moja. Nami nilikuwa na orodha yangu. Somo alipata kibarua bandarini, zamu za usiku, akawa anakuja saiba mchana na kulala juu ya mikono yake mbele ya wateja. Hakujifunza kufunga waya hata mmoja. Aliwakopesha watu muda wa intaneti bila kuandika. Kila kitu kwenye orodha ile kilikuwa kweli. Niliisoma orodha ile usiku baada ya usiku kabla ya siku ya kwenda kwa wakili, na sasa naona ilikuwa na kazi moja tu: kuniondolea haja ya kumwambia ile namba. Lau ningemwambia, "Somo, biashara ina thamani ya milioni 1.8 na mimi naona wewe hustahili nusu," tungegombana, pengine tungepigana, na tungekuwa watu wawili wanaogombana juu ya kitu wanachokiona wote.

Bi Mkubwa alifariki miaka sita iliyopita. Jeneza likaletwa msikitini, na kabla ya kusaliwa Somo alisimama mbele yetu kama ilivyo desturi. Aliwaomba watu wamsamehe mama yake kama kuna aliyekosewa naye. Akasema anayemdai mama aje kwake, yeye atalipa. Sauti yake haikutetemeka. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Ghafla nikawaza jambo ambalo halikuwahi kunijia kwa miaka yote ile: Je, wanaodaiwa na maiti, husimama nani akawaita? Zile bangili sita ziliingia katika biashara, biashara ikawa yangu, na mwenye bangili alikuwa mbele yangu amefunikwa. Nilisali, nikabeba jeneza hadi makaburini kwa zamu kama wengine, nikamwaga udongo. Nikarudi nyumbani nikiwa bado sijasema.

Sisi Waislamu tumefundishwa tangu wadogo kwamba dhambi zina milango miwili. Iliyo baina ya mtu na Mola wake, mlango wake ni toba, na Mola ni mwingi wa kusamehe. Iliyo baina ya mtu na mja mwenzake, Mungu ameacha ufunguo mkononi mwa yule mja. Hata aliyekufa shahidi, deni lake humsubiri. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akaacha kumsalia mwenyewe, akawaambia maswahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liwe juu yake. Na ile hadithi ya mufilisi, iliyomo katika Sahihi ya Muslim kwa mapokezi ya Abu Huraira, kila mtoto wa chuo anaijua. Maswahaba waliulizwa nani mufilisi, wakajibu kama ambavyo benki yoyote ingejibu: asiyekuwa na dirhamu wala mali. Wakaambiwa mufilisi wa umma huu ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na saumu na zaka, kumbe alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine. Watagawiwa thawabu zake hawa na hawa, na zikiisha kabla ya madeni, atabebeshwa madhambi yao.

Kiswahili kimelichukua neno hilo na kulifanyia kazi kila siku. Kampuni ikishindwa kulipa, tunasema imefilisika. Zuckerberg wa filamu, katika maandishi ya mwisho yanayopita kwenye skrini, anatajwa kuwa bilionea mdogo kuliko wote duniani, na aliye mbele yetu ni kijana peke yake chumbani usiku, amemwomba urafiki kwenye Facebook msichana ambaye yeye mwenyewe alimtukana hadharani, anabofya, anangoja, anabofya tena. Sikuweza kumtazama bila kuikumbuka hadithi ile.

Msichana huyo, Erica, ndiye anayeniumiza zaidi kuliko hisa. Mwanzo wa filamu anaachana na Mark baa, na yeye anarudi bwenini, anaandika mtandaoni maneno ya kumdhalilisha, mwili wake na jina la ukoo wake. Kisha anatengeneza tovuti ya kuwalinganisha wanafunzi wa kike kwa picha zao, nani mzuri kuliko nani. Anapoitwa mbele ya kamati ya chuo anasema ameshaomba radhi kwenye gazeti la wanafunzi: amevitaja vyama vya wanawake weusi na vya Walatino, na mwanamke yeyote aliyejisikia kuvunjiwa heshima. Radhi imeandikwa, imechapwa, imetumwa kwa kila mtu, na haikumfikia mtu. Baadaye anamkuta Erica mkahawani na wenzake. Huu ndio wakati. Anamwomba wazungumze kando, Erica anamwambia aseme papo hapo, na anamkumbusha kwamba aliyoyaandika yale hayafutiki. Yeye anasimama, maneno yamemkauka, kisha anageuka na kumwambia Saverin kwamba lazima tovuti ipanuliwe ifike vyuo vingine. Kutoka kwenye radhi iliyoshindikana, Facebook inakua.

Hapa ni lazima niwe mwadilifu, kwa sababu nazungumzia watu walio hai. Erica huyu ametungwa, jina lake na maneno yake. Zuckerberg halisi, kabla ya kuiwasha Facebook, alikuwa ameshakutana na Priscilla Chan pale Harvard, ambaye alimwoa mwaka 2012. Hakukubali kuzungumza na mwandishi wa kitabu. Kwa hiyo filamu yenyewe imechukua heshima ya mtu na kuitia nia ambazo pengine hakuwa nazo, na sijui walioitengeneza wataulizwa nini. Ninaposema Mark, nasema kijana wa kwenye skrini. Yule mwingine, yaliyo moyoni mwake anayajua aliyemuumba.

Lakini mahakama ni za kweli, na kesi ya pacha wale inafundisha jambo ambalo filamu haikuwahi kulionyesha, kwa sababu hukumu yake ilitoka baadaye. Walipatana na Facebook mwaka 2008 kwa kiasi kilichotajwa kuwa dola milioni 65: milioni 20 taslimu, na zilizobaki kwa hisa. Kisha wakarudi mahakamani. Wakasema walipotia sahihi waliamini kila hisa ina thamani ya karibu dola 35.90, kumbe kampuni yenyewe, kwa makadirio yake ya ndani, iliipima kwa dola 8.88. Walisema namba ile walifichwa. Aprili 2011 mahakama ya rufani ikawakatalia. Jaji Alex Kozinski aliandika kwamba walikuwa watu wenye mawakili na wenye uelewa, walikubali kuachia madai yao yote, na kesi lazima ifike mahali iishe.

Nilipoisoma habari hiyo nilitetemeka, maana ilikuwa kesi yangu. Namba mbili, moja mezani na moja ndani ya droo. Na nasema kwa dhati, jaji yule alihukumu sawa kama jaji. Dunia haiwezi kuishi na mafaili yasiyofungwa. Duka lazima liuzwe, nyumba ijengwe, watoto warithi. Mahakama hupewa mamlaka ya kumaliza ugomvi, na ugomvi ukimalizwa vibaya mara nyingine ni afadhali kuliko usipomalizwa. Ila mahakama imesema imemaliza. Haikusema mwenye haki ameridhika. Hayo ni mambo mawili, na mimi kwa miaka mingi niliyafanya moja.

Nilimwendea maalim wetu. Amezeeka sasa, macho yamemtoka nuru, anatambua watu kwa sauti. Nilimbusu mkono, nikamweleza kila kitu, na sikuacha kujitetea. Nilimwambia kwamba Kurani imesifu sulhu, imesema ni kheri. Nikamwambia tulipatana kwa hiari, kwa maandishi, na Mola wetu ametuamuru tuandike, maana aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya Baqara, ni ya kuandikiana madeni na kuweka mashahidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Alijua?"

"Alijua nini, maalim?"

"Ile milioni."

"Hakujua."

"Basi mwanangu, sulhu hufanywa na wanaojua. Nenda kamwambie." Kisha akanyamaza, nikadhani amesinzia, akasema tena: "Na hiyo aya umeitaja vizuri. Umeisahau pahala pamoja tu. Imesema nani atamke, mwandishi aandike?"

Nilikuwa nimesahau kweli. Aya inaagiza kwamba anayedaiwa ndiye atamke deni, amche Mola wake, na asipunguze chochote. Si anayedai. Si karani. Mwenye deni alitoe deni kwa kinywa chake mwenyewe, kwa ukamilifu wake, mwenzake akisikia.

Tangu siku hiyo naiona filamu ile kwa jicho jingine. Kila mtu mezani pale anatamka, lakini anayedaiwa halitamki deni lake. Mwishoni wakili kijana, Marylin, mwenye huruma kuliko wote waliomo, anamshauri Mark alipe yaishe, kwani kwa utajiri wake fedha zile ni kama faini ya mwendokasi barabarani. Na masharti ya sulhu yanawataka pacha wasiseme kitu. Anayelipa hatamki, na anayelipwa amefungwa kinywa. Fedha inatumika kununua kimya, wakati radhi haiji ila kwa kusema. Jirani yangu Mkatoliki, ambaye tulizungumza naye haya, aliniambia kwao ni hivyohivyo: Yesu amefundisha kwamba ukifika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka hapohapo, uende kwanza ukapatane naye. Uende kwa miguu yako. Hakusema mtume mtu.

Binti yangu hakukubaliana nami yote. Alisema, "Baba, angesimama kuomba radhi kila mtu, Facebook isingekuwepo. Wewe mwenyewe unaitumia kwa Kiswahili." Ni kweli, tangu mwaka 2009 ipo kwa Kiswahili, na nimepata jamaa zangu wa Maskati humo ambao sikujua wako hai. Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya ninalo. Huenda vitu vikubwa vingi tunavyovitumia vimejengwa juu ya watu waliosukumwa kando. Lakini aliyesukumwa si jiwe la msingi. Ana mama, na ana siku yake ya kuulizwa na kuuliza. Nilimwomba jambo moja tu kuhusu ile programu yao: kila namba inayomhusu mwenzake, mwenzake aione siku ileile anayoiona yeye. Alisema watafanya. Namwombea.

Mwezi wa Rajabu nilikwenda kwa Somo. Ana duka la rangi na vifaa vya ujenzi Kongowea sasa. Kila Ijumaa tulikuwa tukipeana mkono mlangoni mwa msikiti, "Hujambo somo," "Sijambo somo," na kila mtu na njia yake, miaka kumi na kitu. Alishangaa kuniona dukani. Alimtuma kijana wake kahawa. Nilitoa daftari jipya na kalamu, nikamsogezea, nikamwambia, "Andika wewe, mimi nitasema."

Akaandika. Biashara ilipimwa shilingi milioni 1.8. Nusu yake laki tisa. Alipewa laki moja na nusu. Alibakiziwa laki saba na nusu. Nikamwambia siku niliyoijua namba, na kwamba siku ya sahihi nilikuwa nayo mfukoni kwenye karatasi. Nikamwambia kuhusu orodha ya makosa yake. Sikupunguza. Mkono wake ulikuwa ukiandika taratibu, kwa hati ile nzuri ya chuoni ambayo maalim alikuwa akiisifu na yangu akiichapa bakora. Kahawa ikapoa.

Alipomaliza aliniambia alishasikia, zamani, kutoka kwa dereva wa yule mfanyabiashara. Mombasa ni ndogo. Alisema hakuja kwangu kwa sababu alitaka nije mimi, na mwaka wa mama kufariki alidhani nitakuja siku ya tatu, ya hitima. Nikamwomba radhi. Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Langu nimekusamehe," akasema. "Fedha nitazipokea, maana nina watoto. La mama silo langu. Siwezi kulisamehe."

Nilimrudia maalim na neno hilo. Akaniagiza nimtolee Bi Mkubwa sadaka, nimwombee maghufira kila baada ya sala, na nisijihakikishie kitu.

Nalipa shilingi elfu hamsini kila mwezi. Somo huziandika katika daftari lile, mbele yangu, na mimi hutamka. Mpaka mwezi huu nimelipa laki mbili na nusu. Zimebaki laki tano.